Bolti ya Mauser isiyonyanyuka: kisa cha washa mbili na springi ngumu huko Mufindi

Bunduki inayozungumzwa hapa ni Mauser 98 ya kiraia, kaliba 9.3x62, yenye shabaha za chuma bila darubini, na mkono wa bolti (kipande cha chuma kinachofunga mtutu kwa nyuma) uliopindwa chini. Mmiliki wake ni mzee mwenye leseni, mkulima wa mahindi na viazi upande wa juu wa Mufindi, ambako mwezi wa Juni na Julai asubuhi mikono hufa ganzi kabla jua halijapanda. Malalamiko yake yalikuwa mafupi: mkono wa bolti haunyanyuki bila kuishusha bunduki begani na kuubana kitako kwapani. Bega la kulia linamsumbua, na mwaka huo lilikuwa limezidi. Alikuja kwa fundi silaha mwenye leseni mjini Mbeya akiwa na kikopo cha bati chenye springi ya zamani ya bolti hiyo, na maelezo kwamba kijana mmoja wa karibu naye ameshaweka "kile kifaa cha kulainisha".

Kifaa hicho kilikuwa washa mbili za chuma, yaani pete bapa, zilizochongwa kwa mkono, kila moja milimita 1.2, zikapakwa grisi na kuwekwa nyuma ya springi. Ndizo zilizofanya kisa hiki kistahili kuandikwa kirefu, kwa sababu wazo lenyewe si la kijinga. Lina kazi yake, ila kwenye bolti ya namna nyingine.

Kwanza tuelewane uzito wa kunyanyua unatoka wapi. Mauser 98 hukokiwa, yaani huwekwa tayari kufyatua, wakati wa kufungua. Ukinyanyua mkono wa bolti kwa robo mzunguko, mteremko uliokatwa nyuma ya mwili wa bolti unasukuma pua ya kipande cha kukokia kurudi nyuma, na kipande hicho kinaivuta pini ya kupigia huku springi ikibanwa. Kazi yote ya kuikandamiza springi inafanywa na mkono wako ndani ya ile robo mzunguko. Aliyezoea .303 ya Lee-Enfield anashangaa, kwa kuwa ile hukokiwa wakati wa kufunga: kunyanyua ni kama kufungua komeo la dirisha, halafu nguvu inadaiwa unaposukuma mbele. Hakuna anayekwepa deni la springi. Tofauti ni saa ya kulilipa tu.

Juu ya deni hilo la lazima kuna msuguano, na huo ndio unaoweza kupunguzwa. Kwenye 98 sehemu zinazosuguana ni hizi: pua ya kipande cha kukokia juu ya mteremko, ubavu wa kipande hicho ndani ya mfereji wake nyuma ya mwili wa bunduki, nyuzi za kofia ya bolti (kifuniko cha nyuma), maana kofia imetulia wakati mwili wa bolti unazunguka, ukuta wa ndani wa bolti unaozunguka kuizingira springi, na pete inayoshika kile kishika-ganda kirefu cha ubavuni, ambacho chenyewe hakizunguki.

Sasa angalia kilichokosekana katika orodha hiyo. Springi ya 98 imekaa kati ya bega la pini ya kupigia mbele na kofia ya bolti nyuma. Pini haizunguki, imeshikwa na kipande cha kukokia. Kofia haizunguki. Kwa hiyo ncha zote mbili za springi zimekaa juu ya vitu vilivyotulia, na washa yenye grisi, au gololi, au hata beringi kamili ukiiweka hapo, haina mzunguko wowote wa kuurahisishia.

Gololi ilikotoka kuna mantiki nyingine. Katika bolti kama za Savage 110, bunduki ya Kimarekani iliyoanza kuuzwa 1958, bolti imefungwa nyuma kwa skrubu kubwa inayozunguka pamoja na mkono, huku kipande kinachoisukuma skrubu hiyo kwa nguvu ya springi kikiwa kimetulia. Uso mpana unasugua uso mpana chini ya mzigo. Ukiweka gololi ngumu katikati, mgusano unahama kutoka kwenye duara lenye upana wa milimita kadhaa kuja kwenye nukta moja iliyo juu ya mhimili, na nguvu ya msuguano inakosa mkono wa kukuzuia. Hapo kifaa kinafanya kazi kweli, na wengi wamejitengenezea wenyewe. Kijana aliona picha ya bolti ya namna hiyo kwenye simu, akaelewa kanuni, akaihamishia kwenye Mauser bila kuuliza ni kipi kinazunguka na kipi kimekaa.

Tuongeze neno kuhusu gololi kwa wenye bolti inayoikubali, maana makosa yake ni yaleyale kila mara. Gololi ya haba ya nyuma ya baiskeli ni milimita 6.35, ya mbele 4.76, na zote ni chuma kigumu sana. Ikibeba mzigo wa kilo 13, gololi ya 6.35 inagusa kisahani chake kwa doa lenye upana wa kama robo ya milimita, basi. Shinikizo kwenye doa hilo linapita mbali uwezo wa chuma laini. Kisahani kilichokatwa kwenye msumari au bolti ya kawaida kinapata kovu siku ya kwanza, mzunguko unalikuza kovu, unga wa chuma unajaa humo, na baada ya muda gololi imekaa kwenye kikombe: uso mpana umerudi. Kisahani kinatakiwa kiwe kigumu kama gololi yenyewe. Rola ya beringi chakavu ya giaboksi inafaa. Shina la keekee linadanganya, kwa kuwa keekee nyingi hukaushwa (hufanywa ngumu kwa moto) upande wa makali tu na shina likaachwa laini. Jaribu kwa tupa: ikiteleza bila kuuma, chuma ni kigumu, ikiuma, achana na kipande hicho. Na ukikikata kwa grainda, chovya majini kila baada ya sekunde chache. Rangi ya majani makavu ikitokea, ugumu umeanza kushuka. Ikifika bluu, umekuwa karibu nyuzi 300 na kipande hakifai tena.

Turudi Mufindi.

Vipimo kabla ya kufungua

Bunduki ilihakikiwa kuwa tupu, chemba (tundu la risasi mwanzoni mwa mtutu) na ghala la risasi vikaguswa kwa kidole, ikawekwa kwenye jiliwa yenye ngozi. Kitanzi cha uzi mgumu kilifungwa katikati ya kirungu cha mkono wa bolti, milimita 60 kutoka mhimili wa bolti, na mizani ya kuning'iniza ya sokoni, ile ya kupimia kuku, ikavuta. Mizani lazima ivute kwa pembe mraba na mkono wakati wote. Ukiuacha uzi ulale, namba inapanda bila sababu. Kila hali ilipimwa mara tatu na kuandikwa namba ya juu kabisa.

Hali ya kwanza: chemba tupu, triga imevutwa, pini imekwenda mbele. Kunyanyua kulichukua kilo 6.1. Hali ya pili: bolti imefungwa ikiwa tayari imekokiwa, triga haijaguswa, mkono ukanyanyuliwa tena. Kilo 1.1. Tofauti kati ya hizo mbili, kilo 5, ndiyo sehemu ya kukoki: springi, mteremko na mfereji. Ile 1.1 inatakiwa iwe karibu nusu yake, kwa hiyo kulikuwa pia na kitu kinachobana mzunguko mtupu.

Hali ya tatu ndiyo watu huiruka, na ndiyo yenye hatari. Kunyanyua baada ya kufyatua risasi halisi kulinganishwe na kunyanyua bila risasi. Ikiwa bolti ni laini chemba ikiwa tupu na inakuwa nzito baada ya mlio tu, tatizo liko kwenye chemba au kwenye risasi: chemba chafu au yenye kutu, ganda linalong'ang'ania, au shinikizo lililopita kiasi. Tazama kitako cha ganda. Fataki (kidude cha kitakoni kinachowasha baruti) iliyolala bapa hadi kingo zake zimepotea, au alama ya shaba iliyong'aa kwenye kitako, ni onyo. Hapo usilainishe chochote. Bolti nzito inakuambia jambo, na ukiinyamazisha kwa grisi na mkono mrefu umeondoa taarifa ukaacha hatari. Kwa mzee huyu maganda yalikuwa mazuri, fataki zina kingo zake, na yeye mwenyewe alisema uzito ni uleule, risasi iwepo au isiwepo. Uwezekano wa tatizo la chemba ukaondolewa.

Ndani ya bolti

Kuifungua bolti ya 98 hakuhitaji chombo. Bunduki ikiwa imekokiwa, sefti (kizuizi cha usalama) inasimamishwa wima katikati, bolti inatolewa kwa kuvuta kizuizi cha kushoto. Kitufe kidogo cha ubavuni mwa kofia kinabonyezwa na kofia inafunguliwa kwa kuizungusha kinyume cha saa hadi itoke pamoja na pini na springi. Kuanzia hapo springi imebanwa na inataka kuruka. Ncha ya pini inaingizwa kwenye tundu la kipande cha mninga, tundu linalopitisha ncha tu ili bega likae juu ya mbao. Kofia inasukumwa chini kwa kiganja, kipande cha kukokia kinageuzwa robo mzunguko na kuchomolewa, kisha kofia inaachiwa polepole. Uso usiwe juu yake.

Washa mbili zilitoka zimepinda kama visahani vya chai. Kwenye uso wa kila moja kulikuwa na alama ya ncha ya springi, nukta moja isiyo na mkwaruzo wa mzunguko hata kidogo. Hiyo peke yake ilitosha kuonyesha kwamba hapakuwa na kitu kinachozunguka. Kilichofanywa na washa ni kuikaza springi milimita 2.4 zaidi kabla haijaanza kazi, na kula nafasi yake ya kufunga. Springi ilipobanwa hadi mwisho wa kukoki, kozi (mizunguko) zake za nyuma zilikuwa zimegusana kabisa. Nyongeza kidogo tu na mkono ungegonga ukuta kabla ya kufika juu. Mtu angeulazimisha, na mwishowe angepasua pua ya kipande cha kukokia.

Springi yenyewe haikuwa ya asili. Iliwekwa miaka miwili nyuma. Tuliipima pamoja na ile ya kwenye kikopo kwa njia ya kawaida: chuma laini cha duara kupitia katikati ili isipinde, springi juu ya mizani ya jikoni ya kilo 20, kisha kuibana hadi urefu uleule inaobanwa bolti ikiwa imekokiwa. Ya kwenye kikopo: kilo 10.4. Iliyokuwa ndani: kilo 13.5. Ya zamani ilikuwa nzima, imenyooka, haina kutu, na uzito wake ni wa kawaida kwa bunduki hii.

Kwa nini basi springi nzuri ilitolewa na kuwekwa ngumu zaidi? Fundi alimuuliza mzee.

"Shikamoo tena mzee. Hii springi ya kwenye kikopo ilikuwa na shida gani?"

"Marahaba mwanangu. Ilikuwa inakataa. Mwezi wa saba, alfajiri, unavuta triga unasikia *kah*, risasi haiwaki. Mchana inawaka. Wakasema springi imechoka."

"Na mafuta ya kupaka ni yapi, baba?"

"Haya haya ya alizeti. Safi kabisa, ya kukamua hapo hapo kijijini."

Kila kitu kikajipanga. Mafuta ya alizeti ni mafuta yanayokauka. Yakikaa kama utando mwembamba kwenye hewa yanavuta oksijeni na kugeuka gundi, kisha utando mgumu wa rangi ya asali, sawasawa na vanishi. Utando huo ulikuwa umejaa kati ya kozi za springi, ndani ya bolti, chini ya pete ya kishika-ganda na kwenye nyuzi za kofia. Siku ya joto unalegea. Asubuhi ya baridi unaishika pini, pini inakwenda mbele kwa uvivu, fataki inapigwa pigo dogo, haiwaki. Springi ya kilo 13.5 ilishinda gundi kwa nguvu, risasi zikaanza kuwaka, na kila mtu akaridhika. Lakini mzigo mpya ukahamia kwenye bega la mzee. Ndipo washa zikaja kutibu dawa.

Mlolongo wa marekebisho

Kila hatua ilifanywa peke yake na kupimwa kabla ya kwenda inayofuata. Ni kazi ya kuchosha, kwa sababu bolti inafungwa na kufunguliwa mara tano, lakini ukifanya yote kwa mkupuo hutajua ni kipi kilisaidia.

Washa zilipotoka peke yake, 6.1 ikawa 5.8. Yaani kifaa cha kulainisha kilikuwa kinaongeza gramu 300.

Kisha kusafisha. Mafuta ya taa hayatoshi kwa alizeti iliyokauka. Yanaondoa vumbi na kuacha vanishi iking'aa. Sehemu zililowekwa kwenye thina ya rangi kwa saa moja, nje, mbali na moto, zikasuguliwa kwa mswaki na kijiti cha mwanzi, zikarudiwa mpaka kitambaa cheupe kikatoka cheupe. Mwili wa bolti ulisafishwa kwa kitambaa kwenye kijiti hadi ncha ya mbele, na tundu la pini likapitishwa waya laini wa shaba. Pete ya kishika-ganda ni rahisi kusahau: zungusha kishika-ganda kando, weka tone la thina chini ya pete, zungusha, rudia hadi maji meusi yaishe. Matokeo: kilo 5.0, na ile hali ya pili ikashuka kutoka 1.1 hadi 0.5. Gundi ilikuwa inakula zaidi ya nusu kilo kabla hata springi haijaguswa.

Springi ya zamani ikarudishwa. Kilo 3.9. Hii ndiyo hatua iliyoshusha zaidi ya zote, na haikugharimu hata shilingi, kwa kuwa springi ilikuwa kwenye kikopo.

Hatua ya mteremko inahitaji mkono mwepesi, na hapa ndipo bunduki nyingi nzuri zimeharibiwa. Pua ya kipande cha kukokia ilikuwa na kingo iliyochomoza, pengine kwa sababu ya miaka miwili ya springi ngumu, na ilikuwa imeanza kuchora mstari kwenye mteremko wa bolti. Watu huchukua grainda ndogo na kung'arisha mteremko hadi uwe kioo. Mwili wa bolti ya 98 ni chuma laini kilichokaushwa ngozi ya nje tu. Ngozi hiyo ni nyembamba. Ukiipita umefika kwenye chuma laini, na pua ngumu inayopita juu yake itaichimba. Bolti inakuwa laini kwa mwezi mmoja kisha nzito kuliko ilivyokuwa, na mwili wa bolti hauna spea dukani. Kwa hiyo kazi yote ilifanyika kwenye pua, kipande kidogo kinachoweza kubadilishwa. Jiwe laini la kunolea lenye mafuta, mikwaruzo michache kufuata mwelekeo wa kuteleza, mpaka kingo isihisiwe kwa ukucha. Umbo halikuguswa. Mteremko wa bolti ulifutwa kwa kitambaa chenye dawa ya kung'arishia chuma, kwa kidole, si kwa mota. Uso wa kipande cha kukokia unaoshikwa na mfumo wa triga haukuguswa kabisa: uso huo ndio unaoizuia bunduki isijifyatue.

Grisi iliyotumika ni ile nyeusi yenye molibdenamu, inayouzwa kwa mafundi magari kwa ajili ya sivi jointi. Kiasi: punje moja ya mchele kwenye pua na mteremko, nusu punje kwenye nyuzi za kofia, nusu punje kwenye mfereji. Ndani ya bolti na kwenye springi hakuna grisi, ni mafuta mepesi ya mashine yaliyopakwa na kufutwa mpaka ubaki unyevu tu. Grisi ikizidi inatembea, inafika kwenye springi, na alfajiri ya Julai mzee anasikia tena ile *kah*.

Baada ya jiwe na grisi: kilo 3.0. Nusu ya tulipoanzia.

Kirungu

Kilo tatu ni kawaida nzuri kwa Mauser, na mwenye bega zima angeishia hapo. Kwa mzee bado ilikuwa kazi. Ndipo kikaja kipande pekee cha kutengeneza ambacho tunakitetea bila kusita: urefu wa mkono. Hesabu yake haina siri. Nguvu inayotakiwa inashuka kwa kadiri mkono unavyorefuka. Kutoka milimita 60 hadi 72, nguvu inapungua moja ya sita.

Kuunganisha chuma kwa moto wa kulehemu kulikataliwa tangu mwanzo. Joto la mkono linakimbilia kwenye mteremko na, kwa asiyejua kuzuia, hadi mbele kwenye meno yanayofunga bolti, na kuua ugumu uliokuwa unabeba mlipuko. Badala yake kilichongwa kirungu cha kuvalisha juu ya kile cha asili, kinachotoka siku yoyote bila kuacha alama. Fundi silaha alichukua umbo la kirungu cha asili kwa udongo wa mfinyanzi, na udongo huo ndio uliokwenda kwa fundi wa lethi. Bunduki wala bolti havikutoka kwenye karakana. Sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015 imeweka ukarabati wa silaha chini ya leseni, na bolti kukutwa kwenye meza ya fundi vyuma wa mtaani ni matatizo kwa mwenye bolti na kwa mwenye meza.

Malighafi ni nondo ya aluminiamu ya kipenyo cha milimita 25, urefu wa mwisho 30. Ndani ilitobolewa kufuata umbo la peasi la kirungu cha asili na kuachwa pana zaidi kwa milimita 1 kila upande, nafasi ya kipande cha tyubu ya baiskeli. Kisha ikapasuliwa kwa urefu kuwa nusu mbili, zikabanwa kwa skrubu mbili za M4 zenye urefu wa milimita 16, vichwa vimezama. Tyubu ina kazi mbili: inazuia kirungu kuzunguka, na inakinga chuma cha zamani kisikwaruzwe. Uzito wote ni kama gramu 30. Nyuzi za skrubu zilipakwa rangi ya kucha, ambayo inashika vya kutosha na bado inafunguka.

Cha kwanza kilikosewa. Kilikuwa na urefu wa milimita 45 na kilipendeza mezani, lakini kilichomoza mno: kilinasa kwenye mkanda wa begani, na kirungu kinachonasa kinaweza kunyanyua bolti bila mwenyewe kujua. Pia kilikaa karibu sana na kidole cha kati, na teke la 9.3x62 lingekipeleka moja kwa moja kwenye kifundo. Kilikatwa hadi 30. Nafasi kati ya kirungu na mbao ya kitako bolti ikiwa imefungwa ni milimita 4, ya kutosha kidole chenye glavu kupita chini.

Kipimo cha mwisho: kilo 2.5.

Ukaguzi kabla ya kurudisha

Bolti laini isiyo salama ni hasara, kwa hiyo ukaguzi ulichukua muda mrefu kuliko kirungu. Uchomozi wa ncha ya pini ulipimwa bolti ikiwa nje na pini imeachiwa mbele: milimita 1.5, ncha ya duara, haina mmomonyoko. Bolti ilifungwa kwa nguvu mara 20 na risasi bandia ndani, na kila mara ikabaki imekokiwa. Sefti iliwekwa, triga ikavutwa kwa nguvu, sefti ikaachiwa, pini haikwenda. Kitako kiligongwa kwa nyundo ya mpira pande nne, pini ikatulia.

Hofu iliyobaki ilikuwa ya mzee mwenyewe, na ni hofu halali: je, springi ya kilo 10.4 itawasha alfajiri? Bunduki ililazwa nje usiku kucha ndani ya sanduku la chuma lenye kufuli, kwenye ua uliofungwa, ikiwa tupu, na asubuhi kabla ya saa moja ikapelekwa mahali panaporuhusiwa kulenga shabaha. Risasi 10 zilifyatuliwa, zote ziliwaka, na fataki zilikuwa na shimo la kina sawa. Springi ngumu sasa imelala kwenye kile kikopo.

Kaliba hii, kwa wasioifahamu, ilibuniwa 1905 na Otto Bock, fundi silaha wa Berlin, ili iingie kwenye Mauser 98 ya kawaida na itumike na walowezi na wawindaji wa makoloni ya Kijerumani ya Afrika. Bunduki za namna hii ni za vizazi vilivyopita na vipuri vyake si vya kuagiza leo ukapata kesho, ndiyo maana tumesisitiza kugusa kipande kidogo na kuuacha mwili wa bolti.

Mzee alipewa maelekezo ya matunzo kwenye karatasi moja, na kwanza kabisa lilikatazwa neno alizeti. Mafuta mepesi ya mashine, kitambaa kikavu, bolti ifutwe kila baada ya kulowa. Kofia ifunguliwe na fundi mara moja kwa mwaka, mwezi wa tano, kabla ya baridi kuanza. Skrubu mbili za kirungu ziguswe kwa bisibisi kila baada ya risasi 20.

Bunduki ilirudi karakana mwezi wa tano uliofuata. Skrubu moja ilikuwa imelegea robo mzunguko, tyubu imechoka ikabadilishwa. Ndani ya bolti hapakuwa na rangi ya asali. Mizani ilisoma kilo 2.6.